Baba Alinyoa Kwanza

Sijawahi kuwa na subira, na ile kidogo niliyorithi ilimalizwa na hospitali. Asubuhi daktari alipotuita, nilikuwa nimeutembea ukumbi wa kusubiri kwenda na kurudi hadi mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Mama yangu alikuwa ameketi kwenye benchi, mkoba mapajani, kitambaa cha kanisa kichwani, ametulia kama aliyekwenda kupimwa nguo kwa fundi cherehani. Baba alikuwa kando yake. Walinitazama kwa huruma, utadhani mgonjwa ni mimi.

Ilikuwa miaka ya tisini, mvua za Aprili zimeanza. Miaka michache kabla ya hapo mama alikuwa amekatwa titi moja kwa sababu ya saratani, akapona, nasi tukalifunga jambo hilo kama sanduku la nguo za zamani. Halafu kichwa kikaanza kumuuma asubuhi. Siku moja alinimiminia chai, nikaona chai inaanguka mezani, kando kabisa ya kikombe, naye anaendelea kumimina huku akinihadithia habari za jirani. Hapo ndipo nilipojua. Sikuhitaji picha ya kichwa, ingawa tulipigiwa, nayo ikaonyesha madoa matatu. Saratani ilikuwa imehama.

Daktari alikuwa mtu wa taratibu aliyechoka, lakini alituheshimu. Alituambia kuna njia mbili za kuyapiga yale madoa kwa miale. Ya kwanza ilikuwa hapo hospitalini: mashine inayomulika kichwa chote, upande wa kulia na upande wa kushoto, kidogo kidogo, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa majuma mawili. Uzuri wake ni kwamba hata mbegu ndogo ambazo picha haizioni nazo zinapata dawa. Ubaya wake ni kwamba haichagui. Kilicho kizima nacho kinaungua kidogo, na mtu anaweza kuanza kusahausahau. Njia ya pili ilikuwa ng'ambo. Huko mgonjwa hufungwa fremu ya chuma kichwani ili asitikisike hata kidogo, kisha miale mingi myembamba inatumwa kutoka kila upande. Kila mmoja peke yake ni dhaifu, haumdhuru mtu. Inapokutana mahali pamoja, juu ya doa lenyewe, ndipo inapochoma.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," daktari alisema, akijitahidi kutufurahisha.

Mama akamjibu kwamba chawa hana, na kama anataka kuhakikisha amuulize mumewe. Daktari alicheka. Mimi sikucheka, nilitaka aseme ipi ni bora. Nilimuuliza, nikamuuliza tena, mara ya tatu baba akanigusa mkono. Daktari akasema ile nyembamba huacha akili na kumbukumbu salama zaidi, lakini haijui lolote kuhusu mbegu zisizoonekana. Wengi hurudi baada ya miezi na doa jipya mahali pengine, kwa hiyo lazima mtu apigwe picha mara kwa mara. Kuhusu nani huishi zaidi, hakutaka kutudanganya. Tena mama alikuwa na uvimbe kichwani, na safari ndefu si mchezo kwa mtu wa namna hiyo.

"Ningekuwa na zote mbili hapa, ningekaa nikafikiria," alisema. "Nina moja. Na yeye hana muda mwingi wa kungoja."

Mama alikuwa amesikiliza yote hayo bila kuuliza kitu. Sasa akauliza swali moja tu: nywele zitatoka? Daktari akasema kwa ile ya kichwa kizima, ndiyo, zote. Kwa ile nyembamba ni nadra.

"Basi nitangoja ile nyembamba," mama akasema, akafunga mkoba wake.

Niliona daktari akimfikiria kuwa mwanamke apendaye urembo. Hakujua. Sisi ni watu wa magharibi ya Kenya, na ingawa wazazi wangu walikuja Nairobi wakiwa vijana, baba akaajiriwa reli na mama akawa mtu wa kanisa na wa biashara ya mboga, kuna mambo ambayo hawakuyaacha kule. Kwetu mwanamke hunyolewa kichwa anapofiwa na mumewe. Mama aliwahi kuniambia jinsi alivyomwona mamake akinyolewa uani, amekaa chini, hafuti hata machozi. Mwanamke kubaki kipara ilhali mumewe bado anakula ugali wake ni kama kukiita kifo na kukionyesha mlango. Baba alikuwa na shinikizo la damu. Mama alikuwa amemlinda kwa miaka, akimpunguzia chumvi na kumficha habari mbaya. Hakuwa tayari kumwua kwa kipara chake.

Mgonjwa haulizwi uji, ndivyo tunavyosema, lakini mama yangu aliulizwa na akakataa, na hakuna aliyeweza kumshika akamlisha.

Siku zilizofuata zilinitia wazimu. Nilikuwa karani katika kampuni moja ya Industrial Area, kule kwenye viwanda, na pale ndipo kaka yangu alipokuwa akipiga simu wakati wa chakula cha mchana. Alikuwa kitindamimba wetu, mwanafunzi katika mji mmoja wa baridi kaskazini mwa Uingereza, na kwa bahati ambayo sijui niiite nzuri au mbaya, alikuwa amepata kazi ya kusukuma wagonjwa katika hospitali yenye ile mashine ya miale myembamba. Aliijua kwa macho. Aliwafikisha watu mlangoni pake.

"Sister, usikubali," aliniambia. "Hiyo ya huko ni kuchoma kichwa yote juu ya vitu tatu. Hapa mtu anaingia asubuhi, kesho anatoka na nywele zake na akili yake."

Nilimwambia apate viza kwanza ndipo anipe mahubiri. Akasema anahangaika. Nami niliamini, kwa sababu sauti yake ilikuwa inakwaruza kama ya mtu aliyebishana na watu wengi. Lakini kila siku aliyohangaika kule, mama huku alikosa kikombe kwa umbali zaidi. Alianza kuegemea ukuta akienda msalani. Kaka yangu alisema mashine ya huku ni kunyunyizia dawa shamba zima kwa sababu ya magugu matatu. Nikamwuliza kama amewahi kulima, kwa sababu mimi nimelima kwa nyanya yetu, na najua gugu linaloonekana si lile litakalokushinda. Tuligombana hivyo kwa simu ya ng'ambo, yeye na magugu yake, mimi na mbegu zangu, wala hakuna kati yetu aliyekuwa daktari.

Chini ya ugomvi huo wote nilitaka kitu kimoja, naye alitaka kitu hicho hicho. Chuo chake kilikuwa kinafungwa Julai, na alikuwa amepanga kuja. Nilitaka mama awe hai Julai, na awe na akili ya kumtambua mwanawe akisimama mbele yake. Kungoja ile nyembamba kungeweza kumwondoa kabla ya Julai. Kuchukua ile pana kungeweza kumwacha hai lakini asimjue ni nani. Nilikuwa nikitembea kutoka kazini hadi nyumbani, njia yote ile ya vumbi na matope, kwa sababu sikuweza kukaa kitini na jambo hilo.

Aliyelimaliza ni baba. Jumapili moja baada ya kanisa hakurudi nasi moja kwa moja. Alifika baadaye, akavua kofia mlangoni, na kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kabisa, kinang'aa. Kijana wa kinyozi alikuwa amemwuliza nani ameondoka, naye akamwambia anyoe bila maswali.

Mama aliinuka akaketi tena. Nilidhani ataanza kulia.

"Mimi nimenyoa na wewe uko hai," baba akamwambia. "Sasa wewe nawe ukinyolewa, mimi niko hai. Kifo kikija hapa kitauliza aliyefiwa ni nani, na hakitapata jibu."

Baba hakuwa msemaji. Miaka yote ya reli alikuwa amezoea kuzungumza kwa bendera na taa. Nadhani hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia akitoa nyumbani. Mama alimtazama kile kichwa, akakizunguka kwa macho, akasema kumbe alikuwa akificha kovu hapo nyuma miaka yote. Kisha akacheka mpaka akashika meza. Jumatatu alikwenda hospitali.

Walimchora alama za wino pande zote mbili za kichwa. Akalala, wahudumu wakatoka wote, mlango mzito ukafungwa, na baada ya dakika chache ukafunguliwa. Ndivyo ilivyokuwa kila siku. Aliniambia hakuhisi kitu, ni mlio tu. "Moto gani huu usio na joto?" alisema, na baba akamjibu dawa ya moto ni moto. Vidonge alivyopewa vya kupunguza uvimbe vilimtia njaa na kumnyima usingizi. Baba alikwenda soko la mbuzi la Kiamaiko kumletea nyama ya mbuzi, naye akaimaliza kabla sijapakua ugali. Alisugua sufuria zilizokuwa safi. Alipanga viatu, akavipangua. Sasa tukawa wawili tusioweza kukaa kitini, yeye na mimi, tukipishana katika vyumba vile viwili, na baba katikati na redio yake.

Nywele zilianza kutoka baada ya matibabu kwisha, kwa mafungu, kwenye mto na kwenye sega. Mama hakutaka kungoja. Baba aliketi naye uani mchana peupe akamnyoa kwa wembe, taratibu, akimfuta kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Nilikuwa naanika nguo. Nilitaka kuwaambia waingie ndani, wasionwe. Sikusema kitu, na laiti ningesema.

Kwa maana wazazi wangu walikuwa wamemficha kila mtu ugonjwa huu. Ule wa kwanza, wa titi, uliletewa maombi mengi na ushauri mwingi zaidi, na mama hakutaka tena. Kwa hiyo mtaa ulichoona ni hiki tu: mzee wa reli kanyoa, na mkewe kanyoa. Wote wawili hai. Mimi wananiona kila siku nikipita na mkoba wangu. Watu wa kwetu hawahitaji kuambiwa zaidi. Mume na mke wamenyoa, mtoto mmoja yupo, mwingine yuko ng'ambo. Wakapiga hesabu yao, na hesabu ikamwua kaka yangu.

Siku moja nilirudi kutoka kazini nikakuta viatu vya wanawake vimejaa mlangoni. Nilivitambua viatu hivyo kabla sijawasikia. Ndani walikuwa akina mama wa kanisa letu, wote wa magharibi, wamevaa vitambaa vyao, wameleta sukari na majani ya chai na maziwa kama inavyoletwa kwenye matanga. Mmoja alikuwa ameanzisha wimbo wa maziko. Mwingine, rafiki mkubwa wa mama, alikuwa amemshika mabega huku akilia, "Kijana wetu, jamani. Kijana wetu, na ugenini." Baba alikuwa ametoka kununua mkate. Na mama yangu, ambaye tangu mashine ile alikuwa akisinzia sana mchana na kuamka akiwa nusu yake tu, alikuwa ameamshwa na wimbo huo. Alikuwa amejitupa sakafuni akimlilia mwanawe.

Nilikuwa na hasira, na siionei haya. Niliwanyamazisha wanawake wa umri wa mama yangu. Niliwaambia kaka yangu yu hai, kwamba mchana huo huo nimeongea naye kwa simu, na kwamba mgonjwa yuko mbele yao, basi wamwombee huyo. Niliwaambia kansa iko wapi. Kiongozi wao alifunika mdomo kwa kiganja. Waliomba radhi, mmoja baada ya mwingine, wakatoka wakikosea viatu. Ile sukari hakuna aliyethubutu kuirudisha kwake. Sukari ya msiba utaipeleka nyumbani kwako uikoroge kwenye kikombe cha nani? Ilibaki mezani. Baba aliporudi akaelezwa, aliitazama, akachukua kijiko. Akasema sukari ni sukari. Nadhani alikunywa chai ile kwa ajili yetu sote, kwa sababu hakuwa mpenzi wa sukari.

Lakini mama hakurudi kutoka pale sakafuni, si mzima. Nilimwambia mwanawe yu hai, akaitikia, akatulia. Siku mbili baadaye aliniuliza kama amezikwa. Nilimweleza tena. Akaniuliza mbona basi tumenyoa. Nilimweleza mashine, wino, daktari, chawa. Alisikiliza kwa adabu kama mtu anayehadithiwa mambo ya ukoo mwingine. Nilimpeleka ofisini, nikamshikia simu sikioni, na kaka yangu akaongea naye muda wote ambao pesa zake zilimruhusu. Alipomaliza, mama alinirudishia simu akasema ndiyo, ni sauti yake, lakini hata redio hupiga sauti za waliokufa.

Kaka yangu alisema ni ile mashine. Nilimwambia ni ugonjwa. Aliniambia kama tungengoja, mama asingekuwa hivi. Nilimwambia kama tungengoja, yeye angekuwa akipiga simu kuuliza siku ya maziko. Nilimkatia simu, kisha nikaketi pale, wenzangu ofisini wakijifanya wanaandika. Nimesoma mengi tangu siku hizo. Mashine hizo zimebadilika, na madaktari wa leo wana njia za kuzichanganya, pana na nyembamba, kulingana na mtu. Hata hivyo siwezi kusema ni nini kilichomchukua mama yangu kipande kwa kipande mwaka ule, madoa au miale, au ule wimbo. Niliogopa ni miale. Niliogopa nilichagua vibaya, ingawa aliyechagua ni yeye na mumewe. Woga huo ulinifanya nizunguke mtaa mzima jioni, nikinunua vitu tusivyovihitaji.

Julai ikafika. Wageni wanaodhani Afrika haina baridi hawajakaa Nairobi Julai: mawingu chini, mkaa unapanda bei, kila mtu na sweta juu ya sweta. Baba alikuwa akinyoa kila juma, kwa uaminifu, na kichwa chake kilikuwa kimepauka kwa baridi. Mama tulimkalisha karibu na jiko la makaa, amejifunika shuka la kimasai, na kitambaa kichwani. Alikuwa amekonda miguu na kunenepa uso kwa vile vidonge. Siku nyingine alinijua. Siku nyingine aliniita dada yake, akaniagiza maji kisimani.

Kaka yangu aliingia asubuhi kutoka uwanja wa ndege, na mfuko mmoja. Hatukuwa tumemwambia mama siku yenyewe, maana niliogopa atajiandaa kwa maziko. Alikuwa amefuga nywele. Kule hakuna anayejua kunyoa nywele zetu, na anayejua anataka mshahara wako wote, kwa hiyo zilikuwa zimesimama pande zote, nyingi, nyeusi, zimejaa umande wa kule nje. Alisimama mlangoni hakujua aweke mikono wapi. Nilikuwa nimemtayarishia maneno makali ya miezi mitatu. Sikukumbuka hata moja.

Mama alimtazama usoni. Sikuona kitu machoni pake, nami nikajisemea basi, tumeshindwa. Kisha macho yake yakapanda hadi kwenye nywele zile.

"Huyu hajanyoa," akasema. Akajigusa kitambaa chake, akamgeukia baba na kile kichwa chake kilichopauka. "Basi sisi tulinyoa kwa ajili ya nani?"

Kaka yangu alinitazama, nikatazama makaa. Baba alikohoa.

"Ni joto, mama," akasema. "Tulinyoa kwa sababu ya joto."

Mama aliliangalia lile jiko. Aliangalia sweta mbili alizovaa baba, na dirisha letu lililofunikwa na ukungu, na shuka lake mwenyewe. Mdomo wake ukaanza kucheza pembeni, vile ulivyokuwa ukicheza zamani baba alipojaribu kumficha kitu na asiweze.

"Joto," akasema. "Julai hii?"

Akacheka, cheko lake lenyewe, lile la kushika meza. Akamwambia kaka yangu ainame amshike nywele. Kaka yangu akapiga magoti karibu na jiko, na mama akaingiza vidole vyote kumi katika kichaka kile. Akamwita kwa jina la babu yetu, jina ambalo hakuna mwingine nyumbani aliyewahi kumwitia, tangu siku aliyomzaa.